Bibi Shamba Anajibu: Bonsai Katika Joto la Dar es Salaam

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya mkwaju mkongwe uliopandwa ndani ya chungu kisichozidi kina cha vidole vinne, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na pale wasomaji kadhaa walipouliza jambo moja nimechapisha barua iliyoeleza vizuri zaidi. Wale walioulizia bei ya mkwaju ule wajue kwamba mwenyewe hauuzi.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kijana ninayeishi Tabata. Mwaka juzi niliagiza kwa njia ya simu pakiti ya mbegu zilizotangazwa kuwa ni mbegu za bonsai kutoka Japani, nikalipa shilingi 30,000. Chache ziliota. Leo mche mmoja umenipita kimo, na majani yake hayana tofauti yoyote na ya mkrismasi ulioko mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa wetu. Je, niliuziwa mbegu bandia, au nimekosea kuzitunza? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbegu ulizouziwa ni mbegu halali za mkrismasi, nazo zimefanya kazi ambayo mbegu za mkrismasi hufanya. Cha uongo kilikuwa lile tangazo, kwa maana hakuna popote duniani mbegu ya bonsai. Bonsai ni mti wa kawaida wenye uwezo wote wa kurefuka, ambao mtu ameuweka chunguni na kuukata kwa utaratibu, juu na chini, kwa miaka mingi. Mti huo huo ukiurudisha ardhini na kuuacha, utakua kama ndugu zake walioko porini, na mbegu zake zitaota miti mikubwa.

Ufundi wenyewe umejengwa juu ya tabia za mti ambazo mkulima yeyote wa chai au mpunguzaji wa michongoma anazijua kwa macho hata kama hajawahi kuzisoma. Ncha ya shina hutengeneza homoni inayoteremka na kuyazuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Ncha ikikatwa, kizuizi huondoka, na badala ya tawi moja linalokimbilia juu hutokea mawili au matatu mafupi. Nayo yakikatwa, kila moja huzaa mengine, na kwa kuwa nguvu ile ile ya mizizi sasa inagawanywa kwa machipukizi mengi, majani hutoka madogo zaidi kila mara. Chini ya udongo hufanyika kazi ya namna hiyo hiyo: mizizi minene, ambayo kazi yake kubwa ni kuushikilia mti usianguke, hupunguzwa, na mahali pake huota mizizi myembamba mingi, ambayo ndiyo inayonyonya maji na chakula. Hapo ndipo mti mzima unapoweza kuishi ndani ya udongo unaojaa kwenye bakuli. Kitu kisichopungua ni maua na matunda. Mkomamanga wa bonsai huzaa komamanga la ukubwa wa kawaida wa aina yake, na ni lazima mwenye mti ayapunguze matunda hayo kabla hayajalivunja tawi.

Usiutupe mkrismasi wako. Hata hivyo, usiuhamishie kwenye chungu kidogo sasa hivi, kwa sababu shina halinenepi ndani ya chungu kidogo, na mche mwembamba uliotiwa kwenye sinia utabaki mche mwembamba kwenye sinia. Wakulima wa Japani huiacha miti michanga ardhini kwa miaka kadhaa, ikirefuka inavyotaka, kisha huikata shina karibu na chini na kuanza upya na chipukizi moja, na baada ya muda hurudia. Ndivyo shina linavyopata unene mkubwa chini na kupungua taratibu kuelekea juu, nalo ndilo jicho la mtazamaji hulisoma kuwa ni dalili ya uzee. Kama una eneo dogo uani, panda mti wako juu ya kigae kilichofukiwa, ili mzizi mkuu usizame bali mizizi itandae pembeni. Uache upite masika mawili, na mwanzoni mwa masika ya tatu uukate kwa ujasiri, ubaki na urefu wa sentimita 20 hivi. Utachipua.

SWALI: Mpendwa Bibi Shamba, nimeona picha za misonobari midogo ya Kijapani iliyoinamishwa kana kwamba imepigwa na upepo maisha yake yote, na moyo wangu umeipenda. Mdogo wangu anasoma huko na atarudi likizo mwezi Desemba. Nilitaka aniletee mmoja kwenye begi, niuweke kibarazani. Achague wa aina gani? (Mpenda maua, Mbezi Beach)

JIBU: Mwambie asilete wowote, dada yangu. Kwanza, sheria hairuhusu: mmea wenye mizizi unaoingia nchini unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, na wanaosimamia jambo hilo hapa kwetu ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Haya si masumbufu ya ofisini tu, kwa sababu kiganja kimoja cha udongo kinaweza kubeba minyoo ya mizizi na vimelea vya ukungu ambavyo mashamba yetu hayajavizoea.

Pili, hata ukikamilisha karatasi zote, mti wenyewe hautafurahia makazi yako. Msonobari mweusi wa Kijapani umezoea mwaka wenye majira ya baridi. Wastani wa joto la Januari mjini Tokyo uko karibu na nyuzi 5, na katika miezi hiyo mti hupumzika na kukusanya nguvu za kuchipua. Hapa kwetu hata usiku wa Julai, ambao sisi tunauita wa baridi, ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 15. Mti usiopata mapumziko yake hudhoofika msimu hadi msimu, na mwenye mti hudhani ni kosa lake, akazidisha maji, akaumaliza. Najua utaniuliza kuhusu misonobari ya Sao Hill kule Mufindi. Ile asili yake kubwa ni Meksiko, nayo imepandwa kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mbezi Beach si Mufindi.

Sura unayoipenda unaweza kuipata kwa mti ambao unaupita kila siku ukienda ufukweni. Mvinje una vijiti vya kijani vyembamba ambavyo kwa mbali huwezi kuvitofautisha na majani ya msonobari, gamba lake hupasuka mapema na kuonekana zee, na umeumbwa kwa ajili ya upepo wa bahari na chumvi yake. Nchini Taiwan na Indonesia mafundi wa bonsai wanauheshimu sana. Mche wake ni wa bei ndogo, na ukiupata ukiwa bado na unene wa kidole unaweza kuukunja kwa waya upendavyo. Angalizo ni mawili: mvinje wa chunguni hauvumilii kukauka hata kidogo, tofauti na sifa yake ya ardhini, na usilinyoe tawi ukaliacha bila kijani chochote, maana huenda lisirudi.

Wasomaji wengine wameuliza orodha ya miti inayofaa. Mimi huanza na fikasi ya majani madogo, ile inayopandwa kuwa uzio, kwa kuwa husamehe karibu kila kosa la mwanafunzi. Baada yake naweka mkwaju, ambao hukua polepole, huvumilia kupunguzwa mizizi, na hukunja majani yake jioni kila siku. Bogenvilia, mkomamanga na mpera nayo yote yanafaa. Waridi la jangwani ni mmea wa asili wa nchi yetu na wauza miche wanalo kwa wingi, lakini wenye msimamo mkali hawalihesabu kuwa bonsai kwa sababu shina lake ni la nyama wala si la mbao; mimi sina ugomvi nalo, isipokuwa nawasihi wenye watoto wadogo wakumbuke kwamba utomvu wake ni sumu, na kuna wawindaji wa Afrika walioupaka kwenye mishale.

SWALI: Bibi Shamba, nina fikasi ndogo niliyopewa zawadi ya harusi. Nimeiweka sebuleni juu ya kabati la televisheni, na kila asubuhi ninaimwagilia kikombe kimoja cha maji ya kisima, kwa kuwa huku kwetu ndiyo tunayotumia. Sasa ncha za majani zimekuwa za kahawia, mengine yanapukutika, na pembeni mwa chungu kumetokea unga mweupe. Nizidishe maji au nipunguze? (Mama Mwanandoa, Kigamboni)

JIBU: Barua yako imeeleza ugonjwa na sababu zake kwa ukamilifu, kiasi kwamba nilihitaji tu kuisoma mara mbili. Ule unga mweupe ni chumvi. Visima vingi vya maeneo yaliyo karibu na bahari vina maji yenye chumvi kidogo, ambayo kinywani unaweza usiihisi lakini mmea wa chunguni huihisi. Mti ulio ardhini huoshewa mizizi na mvua za masika. Mti ulio chunguni, ukiwa umefichwa sebuleni, hauoshwi na chochote, na maji yanapokauka chumvi hubaki, leo kidogo na kesho kidogo, hadi inafikia kiwango ambacho mizizi hushindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa. Ncha za majani huungua kwanza kwa sababu ndiko chumvi iliyopanda na maji inakoishia.

Kile kikombe cha asubuhi ndicho kinachoikusanya. Kikombe hulowesha juu na kuishia hapo. Bonsai humwagiliwa hadi maji yatoke kwa wingi kwenye matundu ya chini, kisha mtu husubiri dakika chache na kurudia, na baada ya hapo haimwagiliwi tena mpaka udongo wa juu uanze kukauka. Wajapani husema kwamba kujifunza kumwagilia peke yake huchukua miaka 3, na mimi siwaoni kuwa wametia chumvi, kwa kuwa hakuna ratiba inayofaa miezi yote. Katika kaskazi, hasa Januari na Februari, chungu kidogo kilichoko juani kinaweza kuhitaji maji asubuhi na jioni; katikati ya masika kinaweza kukaa siku kadhaa bila kuguswa, na kazi yako ikawa ni kukiinua upande mmoja kwa kipande cha tofali ili maji ya mvua yasituame. Ukitaka kujua hali ya ndani, chomeka kijiti cha mishikaki kwenye udongo, kiache dakika 10, kisha kichomoe: kikitoka kikavu, mwagilia, kikiwa na unyevu, subiri.

Kwa sasa, upeleke mti nje mahali penye kivuli chepesi na uumwagilie kwa wingi maji ya mvua au ya bomba, mara tatu mfululizo kwa siku moja, ili chumvi itoke. Kinga maji ya mvua ya mapaa yako kwenye pipa lenye kifuniko. Baada ya wiki moja au mbili, usogeze mti taratibu hadi upate jua la asubuhi, na makazi yake yawe hapo, kwa maana fikasi ni mti wa msituni na mwanga wa sebuleni kwake ni njaa. Wageni wakija, uingize ndani kwa jioni hiyo, uwapendeze, kisha urudi nje. Utaona fikasi ikipukutisha majani kila inapohamishwa. Hiyo ni tabia yake, na majani mapya yatafuata.

SWALI: Nimeotesha mibuyu miwili kwa ajili ya bonsai. Baba mkwe wangu, ambaye anaishi nasi, ameagiza itolewe kwa sababu mbuyu ni makazi ya mashetani na haufugwi ndani ya nyumba. Mimi simwamini lakini sipendi kumvunjia heshima. Pia majani yote yamedondoka tangu Juni, sijui kama imekufa. (Mkwe, Ubungo)

JIBU: Kwenye mambo ya mila siwezi kumpinga mkwe wako, na wewe pia usigombane naye kwa sababu ya miche miwili. Amesema usifugwe ndani ya nyumba, na kwa bahati nzuri wataalamu wa bonsai wanakubaliana naye kabisa: mbuyu unataka jua la siku nzima. Itoe nje, karibu na ukuta unaopigwa jua, na mwambie umetii.

Haijakufa. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuishi kwa maji uliyoyahifadhi kwenye shina, na kipindi hicho ndicho wapenda bonsai wengi huuua kwa huruma, wakiumwagilia mti usio na majani ya kuyatumia maji hayo, mpaka mizizi yake minene inaoza. Kwaruza gamba kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, mti u hai. Upe maji kidogo sana, mara moja kwa wiki mbili au tatu, hadi utakapoanza kuchipua wenyewe mvua za vuli zikikaribia, na hapo ndipo wakati wa kuubadilisha udongo na kuupunguza mizizi. Tunasema mbuyu ulianza kama mchicha, na kwa mbuyu wa chunguni subira yako itakuwa ndefu zaidi, lakini shina lake hutuna mapema na hata mche wa miaka michache huonekana mzee.

Kwa wanaotaka kuotesha: mbegu zilizobaki baada ya kula ubuyu mwekundu wa Zanzibar msizitegemee, kwa kuwa zimepitia kwenye sukari ya moto. Chukueni za ubuyu mweupe, mzisugue kwa msasa mpaka ganda lipungue, mziloweke usiku kucha, ndipo mzipande.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Naona bonsai ni ukatili, sawa na kumfunga mtoto miguu ili asikue, halafu tukamwita mzuri. Mti unanyimwa chakula na nafasi kwa ajili ya starehe ya macho yetu. Utajibuje? (Mwalimu, Temeke)

JIBU: Mwalimu, heshima yako. Hoja yako ingekuwa na nguvu kama miti hii ingekuwa inakufa mapema, lakini kumbukumbu zinaonyesha kinyume. Huko Washington kuna msonobari mweupe wa Kijapani ambao ulianza kulelewa chunguni mwaka 1625. Familia ya Yamaki ya Hiroshima iliutunza kizazi baada ya kizazi, na asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipolipuka kilomita 3 hivi kutoka kwenye bustani yao, mti ulikuwa nyuma ya ukuta nao ukanusurika. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kwa Marekani pamoja na miti mingine iliyotolewa na Wajapani katika sherehe za miaka 200 ya uhuru wa nchi hiyo, na habari ya Hiroshima haikujulikana kwa watunzaji wake wapya mpaka wajukuu zake walipokwenda kuutazama mwaka 2001. Tokyo nako, katika mkusanyo wa kasri la mfalme, kuna msonobari unaohusishwa na Tokugawa Iemitsu, shogun (yaani mtawala wa kijeshi wa Japani) wa tatu wa ukoo wake, unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 500. Mti unaonyimwa chakula haufiki umri huo.

Kwa kweli hupewa chakula kuliko mti wa barabarani. Kwa kuwa kila unapomwagilia unaosha sehemu ya rutuba, bonsai inayokua hurutubishwa mara kwa mara kwa kiasi kidogo kidogo. Wajapani wamezoea kutumia mashudu ya mbegu za mafuta yaliyochachushwa, nasi tunayo mashudu ya alizeti yanayouzwa kwa wafugaji. Kijiko kimoja cha mezani cha mashudu hayo kikiwekwa pembeni mwa chungu kila mwezi hutosha kwa chungu cha ukubwa wa sahani, mradi mti uwe unachipua na uwe nje, kwa sababu harufu yake haitavumilika ndani. Mizizi nayo hupunguzwa kwa sababu nyingine kabisa na unayoifikiria: ikijaa chunguni hujizungusha na kujikaba yenyewe, na kuikata humpa mti nafasi mpya. Katika joto letu fikasi huhitaji kazi hiyo karibu kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Lakini sitakukatalia kila kitu. Iko miti inayouzwa mijini ikiwa imepandwa kwenye chungu kisicho na tundu, juu yake zimebandikwa kokoto kwa gundi ili udongo usimwagike njiani, na mnunuzi haambiwi neno. Hiyo inakufa polepole mbele ya macho ya mwenyewe, na kwa hiyo neno lako la ukatili nalikubali. Aliyenao azibandue kokoto leo hii na kutoboa chungu.

SWALI: Ofisini kwetu Posta tunabishana. Mwenzangu anasema bonsai ni ya Wachina na Wajapani wameiiba. Nani yuko sahihi? (Wabishi wawili)

JIBU: Mwenzako yuko sahihi kuhusu chimbuko, si kuhusu wizi. Katika kaburi la mwanamfalme mmoja wa China, lililojengwa mwaka 706 enzi ya ukoo wa Tang, kuna mchoro ukutani unaoonyesha watumishi wakibeba sinia lenye mimea na mawe madogo. Japani ilipokea mambo mengi kutoka China nyakati hizo, na michoro ya mwaka 1309 inaonyesha miti ya chunguni ikiwa tayari kwenye nyumba za Wajapani. Baadaye njia zikaachana: Wachina waliendelea kupenda mandhari nzima yenye miamba na mabonde, nao Wajapani walielekea zaidi kwenye mti mmoja uliotulia ndani ya chungu cha kawaida.

Nikiruhusiwa kuongeza, kijiji kinachostahili kutembelewa na mpenda bonsai kiko Omiya, kaskazini mwa Tokyo. Tetemeko la Septemba 1923 liliharibu mji mkuu, na wakulima wa bonsai wakahamia huko mwaka 1925 kutafuta ardhi na maji safi. Walijiwekea masharti: kila mkazi awe na miti isiyopungua 10, milango iwe wazi kwa wageni, uzio uwe wa mimea, na nyumba zisiwe za ghorofa, ili zisiinyime miti jua. Sharti hilo la mwisho ningependa kuliona mahali fulani hapa Dar, ingawa najua nitacheka peke yangu.

SWALI: Je, naweza kutengeneza bonsai ya mnazi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Mnazi una ncha moja tu ya kukua, ukiikata, umeuua, na hauna matawi ya kufundisha. Indonesia watu hupamba nazi zilizochipua na kuzidumaza, na zinapendeza, lakini ni kazi nyingine.

SWALI: Nataka kuchimba mikoko midogo kando ya mkondo wa bahari, maana mizizi yake tayari ina umbo la ajabu. Pia naomba kujua waya na udongo wa bonsai vinapatikana wapi Kariakoo. (Fundi, Kunduchi)

JIBU: Mikoko iache. Misitu ya mikoko ni hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kung'oa hata mmoja bila kibali ni kosa. Tena ufukwe wa Kunduchi umeshaliwa na bahari vya kutosha bila msaada wako. Miti yenye mashina ya ajabu iko mahali pengine: kwenye viwanja ambako nyumba za zamani zinabomolewa kupisha maghorofa. Bogenvilia iliyokaa ukutani miaka 20 huwa na shina ambalo huwezi kulipata kwa mche hata usubiri vipi, na mara nyingi msimamizi wa ujenzi atafurahi ukimwondolea. Omba ruhusa, uikate ibaki kisiki cha sentimita 30, uichimbe kwa uangalifu kwa kuwa mizizi yake hukatika upesi, kisha uipande kwenye mchanga mnene wa mtoni mahali penye kivuli. Mchanga wa baharini usiuguse.

Waya unaouzwa kwa ajili ya kufungia nondo ni wa chuma, hushika kutu na ni mgumu kuufungua bila kuumiza gamba. Tafuta waya wa alumini, au menya waya wa umeme wa shaba uliotumika. Unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi, uzungushwe kwa mshazari, usikazwe. Vitabu vya nchi za baridi huruhusu waya ukae miezi mingi; hapa matawi hunenepa haraka, hivyo kagua kila wiki na uukate vipande vipande mara tu unapoanza kuzama, badala ya kuufungua kwa kuuzungusha. Udongo maalumu wa Kijapani, ambao ni udongo wa volkano uliokaushwa, sijaona sababu ya kuugharamia. Ponda matofali ya kuchoma, uchekeche upate punje za milimita 2 hadi 5, utupe vumbi lote, uchanganye na makumbi ya nazi yaliyooshwa na mboji kidogo. Vumbi ndilo adui, kwa sababu huziba nafasi za hewa.

SWALI: Desemba tunakwenda Moshi wiki mbili. Dada wa kazi naye anakwenda kwao. Nina mkwaju na mvinje. Nifanyeje? (Msafiri, Kimara)

JIBU: Desemba ni mwezi mbaya kuacha bonsai peke yake, maana jua limekwisha kuwa kali na mvua za vuli haziaminiki. Siku chache kabla ya kuondoka, punguza majani ya mkwaju kwa theluthi moja ili utumie maji kidogo, mvinje usiuguse. Chukua beseni pana lenye matundu, lijaze mchanga wa mtoni uliolowa, uvizike vyungu vyote viwili hadi ukingoni, na uliweke upande wa mashariki wa nyumba chini ya mti au chandarua cha kivuli. Hiyo itakupa siku tatu au nne za usalama, si wiki mbili, kwa hiyo jirani bado anahitajika. Mwoneshe mwenyewe, kwa vitendo, jinsi ya kumwagilia hadi maji yatoke chini, na umwambie aje kila siku jioni hata kama ameona mawingu. Ukirudi ukakuta majani ya mkwaju yamekauka, usiutie mbolea wala kuukata; mwagilia kama kawaida, uuache kivulini, na usubiri wiki tatu kabla ya kuamua lolote. Mvinje uliogeuka kahawia wote, kwa bahati mbaya, haurudi.